Je, Wajua? Mkataba Wako wa Kazi Una Maneno Ambayo Hukuyaandika

Wengi wetu tumeanza kazi kwa kauli moja tu: "Njoo Jumatatu." Hakuna karatasi wala sahihi. Hata hivyo, kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kuyajaza makubaliano hayo, na haya ni baadhi ya yaliyomo.

Je, wajua kwamba saa yako ina bei?
Chukua mshahara wa msingi wa mwezi, ugawanye kwa 4.333, kisha kwa saa unazofanya kazi kwa wiki. Kikomo cha kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kwa saa hizo 45, mwenye shilingi 390,000 kwa mwezi hupata kama 2,000 kwa saa. Saa ya ziada ni moja na nusu, yaani 3,000. Sikukuu ni mara mbili, 4,000. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi huongezwa angalau asilimia 5: shilingi 100 kwa kila saa.

Je, wajua kwamba sahani iliyovunjika haikatwi kiholela?
Mwajiri hawezi kufidia hasara kwenye mshahara mpaka mfanyakazi awe na kosa, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea na akubali makato kwa maandishi. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara.

Je, wajua kwamba mapacha huongeza likizo?
Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84. Wakizaliwa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, huwa 100. Mama akirudi kazini, ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba naye ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Je, wajua nani hulipa nauli ya kurudi?
Aliyechukuliwa Kigoma akafanye kazi Dar es Salaam, ajira ikifikia mwisho huko, mwajiri humsafirisha yeye na mizigo yake hadi Kigoma, au humlipa gharama hiyo. Akicheleweshwa, anadai posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri.

Je, wajua kwamba kukosa karatasi hakukunyimi haki?
Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sheria imemkabidhi mwajiri daftari hilo: yeye ndiye anayetakiwa kuandika masharti ya kazi na kuyatunza miaka 5 baada ya ajira kwisha. Shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi naye hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kauli ya "hatukuandikishiana" haimwokoi, kwa sababu aliyepaswa kuandika ni yeye.