Mzee wa kanisa na esimbore: huu unafiki tunaoupigia kelele uko wapi hasa?

Uzi kidogo, wakuu. Shule zikifungwa Novemba, Kisii na Nyamira huingia kwenye mjadala uleule. Video inatoka: mheshimiwa fulani, ambaye Sabato iliyopita alisimama kanisani kuhimiza maadili, anaruka nyuma ya kijana aliyetoka kutahiriwa huku umati ukiimba esimbore. Chini yake neno ni moja tu: unafiki!

Twende polepole, maana neno hilo linarushwa ovyo.

Kwa wageni wetu: esimbore ni wimbo wa kumsindikiza kijana nyumbani baada ya kisu, asubuhi na mapema. Maneno yake yanataja viungo vya mwili na mambo ya chumbani bila kufunika chochote. Sitayaandika hapa, mama yangu pia ana simu.

Na watu wanaouimba ni akina nani? Waadventista na Wakatoliki waliingia Gusii kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakajenga Nyanchwa na Nyabururu, wakafungua shule na hospitali. Leo Jumamosi biashara nyingi mjini Kisii hupoa. Mwongozo wa Kanisa la Waadventista unakataza jazi na roki kwa kuzitaja. Benga haikutajwa, lakini jaribu kumpelekea mzee wa kanisa utetezi huo uone.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani ni kanisa upande huu na mila upande ule. Sivyo. Abagusii walikuwa na chinsoni kabla ya mmishonari wa kwanza kufika. Chinsoni ni kanuni za haya na heshima kati ya vizazi: baba na mwana hawazungumzii mambo ya mwili, mkwe hasogei ovyo, kuna maneno hayatamkwi mbele ya watu fulani. Yaani mila yenyewe ilikuwa na ukali wake, pengine kuliko mchungaji. Esimbore ilikuwa mlango uliofunguliwa kwa muda: asubuhi ile, njia ile, kwa kijana yule. Jua likipanda unafungwa. Ukiyarudia maneno yale kesho yake mbele ya mama mkwe, mila ndiyo ingekushughulikia kwanza.

Simu imeuvunja mlango huo. Kilichoimbwa njiani alfajiri kinachezwa matatu ya kwenda Keroka saa nane mchana, baba na bintiye wamekaa kiti kimoja. Kwa hiyo anayelalamika hajawa lazima mlokole asiyejua mila. Huenda ndiye anayeijua zaidi.

Sasa huyu muumini anayefurahia. Mtu aliyelelewa akisikia obokano, zile nyuzi nane zenye sauti nzito, au benga ya Christopher Monyoncho redioni, mguu wake hauombi ruhusa kwa baraza la kanisa. Midundo ilimwingia kabla ya mafundisho. Anaweza kuamini kwa dhati kwamba wimbo haufai na bado bega likacheza. Huo ni mvutano wa ndani, na karibu kila mtu mwenye imani anao wa kwake. Kuuita unafiki ni kumdai mtu awe malaika ndipo aruhusiwe kuwa na dini.

Unafiki unaanza pale mtu huyohuyo anapotaka sheria imfunge mwingine kwa kitu anachokifurahia yeye. Mwaka 2024 bodi ya filamu, KFCB, iliagiza nyimbo kadhaa zilizojiita za injili lakini zenye maneno ya ngono ziondolewe mtandaoni. Embarambamba, msanii wetu wa kujigaragaza matopeni, alikuwa miongoni mwa walioguswa. Wanasiasa wengi hushangilia hatua za namna hiyo. Halafu kampeni zikianza, wasanii wa aina hiyohiyo ndio wanaopandishwa jukwaani kuvuta umati. Hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Katiba inasemaje? Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, na miongoni mwa mipaka kinayoitaja ni propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Cha 44 kinampa kila mtu haki ya kushiriki utamaduni wake. Upande wa pili, sheria ya jinai bado ina makosa ya uchafu hadharani, na watoto wana ulinzi wao chini ya kifungu cha 53. Kwa hiyo hoja ya "tuwakinge watoto" ina miguu. Hoja ya "kanisa langu linakataza" haina, kisheria.

Lakini kuna jambo linaloniudhi katika kelele hizi zote. Tohara ya wasichana ilipigwa marufuku kwa sheria ya 2011. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 wa jamii yetu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ni jamii iliyojaa makanisa, na makanisa yamekuwa yakilipinga tendo hilo miaka na miaka. Kilichobadilika sana ni kwamba sherehe imenyamaza. Msichana anakatwa kimya, mara nyingi na mtu mwenye mafunzo ya uuguzi, nyumbani, bila ngoma. Wimbo umekufa, kisu kimebaki! Na video ya kitu kisicho na wimbo haisambai, kwa hiyo hakuna anayeikasirikia.

Mheshimiwa anayetaka esimbore ipigwe marufuku amesema nini juu ya hilo? Shughuli za utamaduni na burudani za umma ziko mikononi mwa kaunti, Jedwali la Nne la Katiba. Mwakilishi wako wa wadi anapokuja kwenye sherehe Desemba hii, muulize bajeti ya utamaduni inalipia nini, na kaunti imetenga ngapi kuwalinda wasichana likizo ndefu. Muulize kabla muziki haujaanza, baadaye hatakusikia.