Picha za vita vya baharini: Tarehe si kipimo cha bei

MNUNUZI wa picha za zamani za ushindi wa majini, kama ule wa Nelson huko Aboukir mwaka 1798 na Trafalgar mwaka 1805, hupata hasara anapoamini kuwa tarehe iliyo chini ya picha ndiyo siku ilipochapwa.

Picha hizi zilichongwa kwenye bamba la shaba, likapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1735 ilimtaka mwenye bamba achonge jina lake na tarehe ya kutolewa kwa picha ili apate hakimiliki. Bamba likiuzwa, mwenye nalo mpya aliweza kuendelea kuchapa kwa miaka mingi, na tarehe ikabaki ile ile.

Hapo ndipo bei zinapotofautiana. Shaba ni laini, na kila nakala hulila bamba kidogo. Nakala za mwanzo zina mistari mikali na vivuli vizito. Katika zile za mwisho, kamba za milingoti na moshi wa mizinga hufifia.

Mfano ni kitabu cha picha za mapigano ya manowari za Uingereza kilichotolewa na James Jenkins, London, mwaka 1817. Nyingi zilichorwa na Thomas Whitcombe na kuchongwa na Thomas Sutherland, na leo huuzwa pia moja moja. Karatasi ikielekezwa kwenye mwanga huweza kuonyesha alama ya maji ya mtengenezaji, kama J WHATMAN, pamoja na mwaka. Picha yenye tarehe ya 1816 kwenye karatasi ya 1835 haikuchapwa kabla ya 1835, hata muuzaji aseme nini.

Bamba pia huacha mbonyeo kuizunguka picha. Usipoonekana, huenda pambizo zimekatwa, na thamani hupungua. Vinukta vilivyojipanga safu safu chini ya kioo cha kukuzia ni dalili ya nakala ya kiwandani ya miaka ya baadaye.

Kwa hiyo fremu ifunguliwe kabla ya malipo. Katika minada mingi ada ya mnunuzi huongezwa juu ya bei ya mwisho, hivyo ni vyema kuijumlisha mapema. Soko hili ni dogo na kuuza huchukua muda; fedha za mtaji wa dukani zisiingizwe humo.