NYAMBIZI YA JIRANI ILIYOPANDA MWAMBA

Wasomaji wetu wengine wametuuliza hivi: Hizi nyambizi tunazozisikia redioni ni vyombo gani? Na kwa nini nchi jirani zinagombana kwa ajili yake, hali hakuna mtu aliyeuawa wala mali iliyoibwa?

Swali hili ni zuri. Tumeona tulijibu kwa kisa kimoja cha kweli. Kisa chenyewe kilitokea Uswidi, nchi iliyo kaskazini mwa Ulaya. Huenda Waswidi si wageni kwako, ndugu msomaji. Vile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa hapa Tanzania mwaka 1975 vilifuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya kwao, nao walisaidia kuvianzisha.

Kwanza tuitazame nyambizi yenyewe.

CHOMBO KINACHOZAMA KIKITAKA

Nyambizi ni manowari, yaani meli ya vita, inayoweza kwenda chini ya maji. Inazamaje na kuibuka tena? Chukua chupa tupu ya kioo, uizibe vizuri, uitupe kisimani. Itaelea. Ijaze maji, itazama. Nyambizi ina matangi makubwa pembeni. Mabaharia wakitaka kuzama hufungulia maji ya bahari yaingie. Wakitaka kupanda juu husukuma hewa kwa nguvu ndani ya matangi, maji yakatoka. Basi, hiyo ndiyo siri yake.

Wakiwa chini hawaoni kitu, maana huko ni giza. Husikiliza tu. Na wale wanaowatafuta kutoka juu nao husikiliza. Kwa hiyo vita vya nyambizi ni vita vya masikio. Ukubwa wa mzinga hausaidii kama hujui adui yuko wapi.

BAHARI YA WATU WENGI

Bahari ya Baltiki ni nyembamba, na imezungukwa na nchi nyingi. Leo ni nchi tisa. Mwaka 1981 Uswidi ilikuwa upande mmoja, na ng'ambo yake ilikuwa dola kubwa, Umoja wa Kisovieti. Dola hiyo ilikuwa Urusi pamoja na jamhuri nyingine, na ilivunjika mwaka 1991.

Wakati ule mataifa makubwa yalikuwa yamegawanyika makundi mawili, la Marekani na la Kisovieti. Uswidi ilisema haifungamani na upande wowote. Neno hilo tunalijua vizuri sisi, maana hata Tanzania ilishika siasa hiyo hiyo. Lakini kutofungamana hakumaanishi kulala usingizi. Waswidi walikuwa na jeshi lao la majini, na kambi yake kubwa ya kusini ilikuwa katika mji wa Karlskrona.

Kila nchi yenye pwani ina mpaka wake baharini. Uswidi iliuweka maili 12 za baharini kutoka pwani mwaka 1979. Hizo ni karibu kilometa 22, kama mwendo wa saa tano kwa miguu. Tanzania nayo ina maili 12 hizo hizo, kwa sheria ya mwaka 1989. Meli ya kigeni inaweza kupita humo kwa amani. Lakini nyambizi ina sharti lake: ni lazima ipande juu ya maji na kupeperusha bendera, ionekane ni ya nani. Mataifa yalikubaliana hivyo mwaka 1958, yakarudia tena katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Mgeni anayepita uani kwako mchana na kubisha hodi, utamkaribisha. Anayenyata usiku nyuma ya nyumba, utamwuliza anatafuta nini.

KISHINDO CHA USIKU

Usiku wa tarehe 27 Oktoba, 1981, nyambizi moja ya Kisovieti ilipanda mwamba ndani kabisa ya pwani ya Uswidi. Ilinasa palepale. Ilikuwa na urefu wa meta 76 hivi, yaani karibu robo tatu ya uwanja wa mpira, na ndani yake walikuwamo mabaharia zaidi ya 50. Kutoka pale mpaka kambi ya Karlskrona ni kilometa 10 tu.

Na nani aliigundua? Siyo jeshi. Ni wavuvi wa pale. Asubuhi ya tarehe 28 waliikuta imekaa juu ya mwamba, wakawaarifu wanajeshi. Hebu fikiri aibu ya wakubwa wa kambi! Mlango wao umeingiliwa, na habari wanaletewa na mtu wa nyavu.

Nahodha wa nyambizi, Anatoly Gushchin, alisema walipotea njia kwa sababu vyombo vyao vya kuonyesha njia viliharibika. Ati walidhani wako mbali, kwenye bahari kuu. Waswidi hawakukubali. Ili kufika pale, chombo kilipaswa kupinda hapa na pale kati ya visiwa na miamba. Sisi tunaona mashaka yao yalikuwa na msingi. Mtu aliyepotea gizani hujigonga kwenye jiwe la kwanza, hafiki mpaka uvunguni. Lakini wapo hata leo wanaoamini kuwa nahodha alisema kweli.

Mambo yakawa mazito. Meli za vita za Kisovieti zilikuja mpaka karibu na mpaka, zikasimama nje. Walitaka kuivuta nyambizi yao wenyewe. Waswidi wakasema hapana: kwanza nahodha ahojiwe, halafu sisi wenyewe tutaivuta. Mizinga ya pwani iliwekwa tayari.

Waziri Mkuu wa Uswidi wakati huo alikuwa Thorbjörn Fälldin. Bwana huyu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mkulima, mfugaji wa kondoo. Tarehe 2 Novemba dhoruba kali ilipiga. Rada, yaani chombo kinachoonyesha vitu vya mbali hata gizani, ilionyesha meli mbili zinavuka mpaka kuja pwani. Mkuu wa majeshi akampigia simu Waziri Mkuu: tufanyeje? Fälldin akajibu kwa maneno machache, kwamba washike mpaka. Maana yake, kama ni meli za Kisovieti zinakuja kuchukua nyambizi kwa nguvu, wazizuie.

Ndege ziliruka. Mizinga ikaelekezwa baharini. Kumbe zile zilikuwa meli za biashara za Wajerumani, zinapita zao tu! Zikatambuliwa kabla ya risasi kulia. Ilikuwa bado kidogo watu wafyatue mizinga kwa sababu ya alama mbili kwenye kioo cha rada.

Siku ile ile nahodha alikuwa amekubali kuhojiwa. Dhoruba nayo ilikuwa inaigonga nyambizi mwambani mpaka ikaanza kulala ubavu, na mabaharia wakaomba msaada. Waswidi wakaleta meli za kuvuta, wakaitoa. Hilo nalo tulitaje: waligombana na wenye chombo, lakini hawakuwaacha watu wazame.

KILICHOKUWA NDANI

Katika siku hizo wataalamu wa Uswidi waliizunguka nyambizi kwa mashua, wakiwa na vyombo vya kupimia miale. Miale ni nguvu inayotoka katika madini kama urani, na huwezi kuiona kwa macho. Walikuta dalili za urani ubavuni mwa chombo, kwa ndani. Urani hutumika kutengeneza mabomu ya nyuklia, bomu la namna ile lililoangamiza mji wa Hiroshima huko Japani mwaka 1945.

Tarehe 5 Novemba Fälldin aliwatangazia wananchi kwamba, kwa kadiri walivyoweza kupima, nyambizi ilikuwa na silaha za nyuklia. Kesho yake, tarehe 6, ilisindikizwa mpaka nje ya mpaka na kukabidhiwa kwa wenyewe. Serikali ya Kisovieti haikukubali wala kukanusha waziwazi. Miaka mingi baadaye ofisa mmoja aliyekuwamo alikiri kwamba silaha hizo zilikuwapo. Yaani kwa siku kumi watu wa vijiji vile walipika, wakalala na kupeleka watoto shule, na bomu la nyuklia liko jirani.

KUSIKILIZA KILA KITU

Baada ya hapo Waswidi hawakupata usingizi. Mwaka uliofuata, Oktoba 1982, walidai wamesikia nyambizi nyingine karibu na kambi ya Muskö, si mbali na mji mkuu Stockholm. Waliziba njia, wakadondosha mabomu majini kwa siku nyingi. Waandishi wa habari walijaa pwani kutoka kila pembe ya dunia. Haikupatikana nyambizi hata moja. Mwaka 1983 tume ya serikali ilisema waliokuja walikuwa Wasovieti. Mwaka 2001 mchunguzi mwingine, Balozi Rolf Ekéus, alisema ushahidi hautoshi kutaja ni wa nchi gani.

Kwa nini ni vigumu hivyo? Sababu ni maji yenyewe. Mito mingi humwaga maji baridi katika Baltiki, na maji hayo hukaa juu. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Sauti ikifika mahali yanapokutana hupindishwa. Nyambizi ikijificha chini ya tabaka hilo, msikilizaji aliye juu hupata mlio mdogo tu au hasikii kabisa. Tena karibu na Stockholm peke yake kuna visiwa na miamba kama 30,000.

Miaka ikapita, na mabaharia wa Uswidi waliendelea kunasa sauti za ajabu. Nyingine zilikuwa kama mtu anakaanga kitu kikaangoni. Walisema hii ni nyambizi. Mpaka Wasovieti wakatoweka, sauti bado zikaendelea! Ndipo katikati ya miaka ya 1990 wakaanza kuuliza watu wa sayansi.

Sauti nyingine zilitokana na minki, mnyama mdogo anayefanana na fisi maji, akiogelea. Na ile sauti ya kukaanga? Wataalamu wawili wa samaki, Magnus Wahlberg na Håkan Westerberg, waliisikiliza wakasema ni heringi. Heringi ni samaki wadogo waendao kwa makundi makubwa sana, ndugu wa wale dagaa wa Kigoma. Samaki hawa wana mfuko wa hewa tumboni, na hewa ikizidi huitoa kwa nyuma. Wazee watuwie radhi, lakini ndivyo ilivyo: walikuwa wanajamba. Wahlberg alinunua heringi dukani, akamtia majini, akamminya. Sauti ikatoka ile ile.

Tumecheka tulipoisoma habari hii, nanyi bila shaka mtacheka. Lakini tusiwacheke Waswidi kupita kiasi. Ile ya mwaka 1981 haikuwa samaki. Ilikuwa chuma, na ilikuwa na bomu ndani. Aliyewahi kuvunjiwa nyumba akisikia panya darini atashika rungu, na huwezi kumlaumu. Tabu inakuja pale kiongozi anapotaka kumshitaki jirani yake mbele ya dunia, na ushahidi alio nao ni mlio wa maji.

Oktoba 2014 mambo yalirudi. Watu waliona kitu majini katika visiwa vya Stockholm, na jeshi likatafuta kwa wiki nzima. Mwezi uliofuata likatangaza kwamba nyambizi ndogo ya kigeni iliingia kweli, ila halikusema ya nani. Urusi ilikana. Baadaye jeshi lenyewe lilikiri kwamba picha moja iliyoonyeshwa ilikuwa ya mashua ya kazi ya raia. Mwaka 2016 Waziri wa Ulinzi akasema sauti moja waliyoitegemea ilitoka katika kitu cha Uswidi yenyewe.

Tarehe 7 Machi, 2024, Uswidi iliacha siasa yake ya kutofungamana na kuingia katika umoja wa kijeshi wa NATO. Jirani yake Finlandi alikuwa ametangulia mwaka mmoja. Sasa katika nchi tisa za Baltiki, nane ziko upande mmoja, na Urusi iko peke yake. Nyambizi za pande zote mbili zimo humo bado, na heringi nao wamo.