Ajali Hii Ina Kinga: Mbega wa Diani na Nyaya za Umeme

Wahenga walisema ajali haina kinga. Makala haya yanashikilia kwamba methali hiyo haifai kutumiwa kuelezea vifo vya mbega wa Diani, katika Kaunti ya Kwale.

Mbega hula majani na aghalabu hashuki ardhini. Njia zake ni matawi. Msitu ulipokatwa kupisha barabara, hoteli na makazi, nyaya za umeme zilichukua nafasi ya matawi hayo. Kunguru hutua juu ya waya mmoja asidhurike, kwa kuwa umeme haupati njia ya kupita mwilini mwake. Mbega, kwa urefu wa viungo vyake, huweza kugusa nyaya mbili kwa pamoja. Hapo umeme humpitia, akafa au akaungua vibaya.

Shirika la kuhifadhi mbega lililoanzishwa Diani mwaka 1997 limetundika madaraja ya ngazi juu ya barabara na hupogoa matawi yaliyo karibu na nyaya. Kuzivika nyaya kinga ya plastiki nako huokoa.

Tatizo hili lina ndugu yake kwingineko. Nchini Marekani, ndege wasafirio usiku huvutwa na taa zisizozimika za minara ya mawasiliano, wakagonga nyaya zinazoishikilia. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga huko ilibadilisha kanuni ili taa hizo ziwe za kumetameta, ambazo huwavuta ndege wachache zaidi.

Kinga, basi, ipo. Anayeiacha bila kuitumia asiisingizie ajali.