Koo la Nkejje na Mayai ya Ghiliba

Msomaji mmoja wa Ntinda, mjini Kampala, ambaye anafuga samaki wadogo wa ziwani katika tangi la kioo sebuleni mwake, ameleta barua kuuliza dawa ya kumpa samaki wake jike aliyevimba koo, anayejificha nyuma ya mawe, na ambaye tangu wiki iliyopita hajagusa chakula. Jawabu ni kwamba asimpe dawa yoyote, maana samaki huyo si mgonjwa bali ni mzazi, na uvimbe ule ni watoto wake.

Samaki wenyewe ni wale ambao Waganda huwaita nkejje, Wajaluo fulu, na watu wa Mwanza furu, jamaa za sato na ngege, ambao katika Ziwa Victoria walihesabiwa kuwa spishi zaidi ya 500, na ambao wenyeji wengi wa Kampala huwafahamu zaidi wakiwa wakavu sokoni kuliko wakiwa hai. Juu ya kulipanga tangi, kufunga chujio, na kuyaacha maji ya bomba yakae hadi klorini itoke, muuza samaki yeyote atamweleza mwulizaji, nami sina hamu ya kuyarudia. Illa niseme tu kwamba joto la Kampala, lisilopishana sana na lile la ziwa, aghalabu humwondolea mfugaji gharama ya kifaa cha kupashia maji moto, ambacho mwenziwe wa Ulaya hana budi kukinunua.

Lililo tamu ni hili: mayai yalifikaje kinywani, na yalirutubishwa wapi?

Dume hufagia mchanga akafanya kishimo mfano wa kisahani, akajivika rangi zake zote, kisha akamwendea jike akitetemeka mwili mzima mpaka amfuate. Hapo huzunguka wawili hao, kichwa cha huyu mkiani mwa yule, na jike hutaga mayai machache machache, kisha hugeuka papo hapo akayaokota kwa kinywa, kwa kuwa ziwani yai lililolala mchangani halikawii kupata mlaji. Haraka hiyo ndiyo izuayo mushkeli, kwani mayai huingia kinywani kabla dume hajapata nafasi ya kuyamwagia manii, na yai lisilorutubishwa, hata likilindwa kwa taadhima gani, halitoi mtoto. Sasa mwulizaji na alitazame pezi la dume lililo chini ya tumbo, kwa upande wa mkiani: ataona madoa ya mviringo, ya manjano au ya rangi ya chungwa, kila moja likiwa na ukingo uliolitenga na pezi, na ukubwa wake ukikaribia ule wa yai. Dume hulitandaza pezi hilo juu ya mchanga na kulitikisa. Jike, akidhani yapo mayai aliyoyasahau, huyafuata kuyaokota, kinywa chake kikielekea pale pale manii yatokapo. Dume huyaachia, jike huyavuta pamoja na maji, na mayai hurutubishwa ndani ya kinywa cha mama yao.

Aliyelitoa fumbo hili hadharani ni Mjerumani Wolfgang Wickler, katika jarida la Nature, mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru. Wengine wangeyaita madoa hayo mayai bandia. Mimi nashika mayai ya ghiliba, maana hapa pana mwenye kuhadaa na mwenye kuhadaika.

Mithili yake ni mama mchuuzi katika soko la Owino ambaye sarafu zake zimemwagika chini saa ya msongamano. Naye, akijua kwamba jicho la mwizi halisinzii, huziokota upesi asitazame kama zina mhuri, na kwa hakika hazina, ni vipande vitupu vya madini ambavyo duka lolote litavikataa. Karibu naye amesimama bwana mwenye kanzu ambayo pindoni mwake zimedariziwa sarafu za uzi wa dhahabu, zilizo na mng'ao wa zile za mama. Mama aona pindo, adhani ni zake zilizosalia, ainama kuziokota. Na bwana yule, badala ya kumwibia, apiga mhuri mkoba mzima, hata kila kipande kilichomo kikageuka fedha halali. Amehadaiwa, walakini ameondoka tajiri. Na bwana naye amepata muradi wake, kwa kuwa mhuri ule una jina lake. Fauka ya hayo, mwenye darizi inayofanana zaidi na sarafu ndiye anayeinamiwa mara nyingi zaidi, na wanawe wa kiume hurithi kanzu ile ile, hivi kwamba kizazi baada ya kizazi darizi huzidi uzuri pasipo fundi cherehani yeyote kukusudia. Wapo watafiti wa baadaye walioona kwamba mayai hurutubishwa hata madoa yakikosekana, na kwamba huenda madoa hayo hutumika pia kuwatisha madume wengine, lakini tuendelee.

Jike huyabeba mayai, na kisha vifaranga, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, akiyageuzageuza kinywani ili yapate hewa, na hata akiisha kuwatoa watoto huwafungulia kinywa tena wakiona hatari. Mwulizaji asimkimbize kwa wavu, kwani akishtuka huweza kuyatema au kuyameza. Ikiwa dume anamsumbua, na amhamishe jike polepole kwa chombo chenye maji, taa zikiwa zimezimwa.

Na asichanganye spishi mbili za nkejje tangini. Yuko furu aitwaye Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, mwenye mgongo mwekundu, na ndugu yake Pundamilia pundamilia, wa rangi ya samawati. Majike huwatambua madume wao kwa rangi, na Ole Seehausen na wenzake walionyesha, mwaka 1997 na baada yake, kwamba maji yakichafuka, au taa ya tangi ikiwa ya rangi moja ya chungwa, uchaguzi huo huvurugika na machotara huzaliwa. Ziwa limekwisha pata msiba wa sangara, aliyeletwa humo katika miaka ya 1950 na kuwamaliza furu wengi; kwa hiyo watoto watakaozidi tangini, ambao asili yao huenda imechanganyika, wasipelekwe kumwagwa ziwani, Ggaba wala Port Bell, bali apewe jirani mwenye tangi.