Ukumbi wa Sanaa: Kuta, Jukwaa na Mwenye Ufunguo

Katika kata nyingi za Wilaya ya Kilosa, mahali pa kuonyeshea sanaa ni uwanja wa shule, kivuli cha mwembe au ghala la zamani. Pale wananchi wanapofikiria kujenga ukumbi wao, mazungumzo huanza na idadi ya matofali na mabati. Makala haya yanaeleza kwa nini maswali mengine mawili yana uzito uleule: jukwaa litakaa wapi, na ufunguo utakaa kwa nani. Historia ya jumba la maonyesho la jijini Nairobi ni darasa zuri katika jambo hili, na mzaliwa mmoja wa wilaya yetu ana mchango mkubwa katika jibu lake.

Jumba la Nairobi

Jumba la Taifa la Maonyesho la Kenya lilifunguliwa mwezi Novemba 1952, wiki chache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Lilijengwa mkabala na hoteli ya Norfolk, karibu na mahali ambapo mwezi Machi 1922 watu waliodai kuachiliwa kwa Harry Thuku walipigwa risasi na kuuawa.

Ujenzi wake ulifuata desturi ya Uingereza. Jukwaa limewekwa upande mmoja wa ukumbi, ndani ya fremu kubwa mfano wa dirisha, na mbele yake pana pazia. Watazamaji huketi katika safu, wote wakielekea upande mmoja. Muundo huu una faida zake: sauti huelekezwa mbele, taa huongozwa kwa urahisi, na waigizaji hupata pa kubadilishia mavazi bila kuonekana. Hata hivyo, humtenga mtazamaji na mchezaji. Katika ngoma zetu mtu aliyesimama pembeni anaweza kuitikia wimbo, kupiga makofi na hata kuingia uwanjani. Katika ukumbi wa namna ile, kazi yake ni kukaa na kutazama.

Mwaka 1976, Kenya ikiwa na miaka 13 ya uhuru, waandishi Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo waliomba nafasi ya kuonyesha tamthilia yao kuhusu kesi ya Dedan Kimathi. Walipewa siku chache tu, kwa kuwa ratiba ilikuwa imetengwa kwa maonyesho ya wageni. Jumba lilikuwa na jina la taifa, lakini wananchi walilazimika kuomba nafasi ndani yake. Onyesho lilipofanyika, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakawafuata wakicheza hadi nje. Siku hiyo fremu na pazia havikuweza kuwatenganisha.

Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ

Mwaka uliofuata, wakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, walijenga jukwaa lao kwa mikono yao. Walisawazisha ardhi, wakainua jukwaa la nusu duara, wakalizungushia ukuta wa mianzi kwa nyuma, na nyuma ya ukuta huo wakaweka nyumba ndogo ya kuhifadhia vifaa na kubadilishia mavazi. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi, vikitosha watu wapatao 2,000. Halikuwa na paa. Aliyekaa nyuma kabisa aliona sawasawa na aliyekaa mbele.

Tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ilianza kuonyeshwa hapo tarehe 2 Oktoba 1977. Kabla ya mwezi wa pili kumalizika, serikali ilifuta kibali chake. Mwezi Machi 1982 askari walitumwa kulibomoa jukwaa hilo, likasawazishwa na ardhi. Jumba la jijini bado limesimama. Lilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015. Kumbukumbu ya jukwaa la mianzi nayo haikufa.

Mzaliwa wa Berega

Nchini mwetu njia ilikuwa nyingine. Profesa Penina Mlama, ambaye tamthilia zake nyingi zinabeba jina la Penina Muhando, alizaliwa Berega mwaka 1948. Wasomaji wa vitabu vya shule wanamfahamu kwa Hatia na Nguzo Mama. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Amandina Lihamba, walikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, miaka ya 1982 na 1983. Hawakubeba tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Waliwasikiliza wanakijiji kwanza wataje matatizo yao wenyewe, kisha wanakijiji hao wakayageuza kuwa ngoma na maigizo, na baada ya onyesho wakajadiliana kuhusu hatua za kuchukua. Ukumbi ulikuwa uwanja, na mkutano ulikuwa sehemu ya onyesho.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na mifano hiyo, wananchi wanaopanga kujenga au kukarabati ukumbi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Jukwaa liwe la kuinuka kiasi, na viti viweze kuhamishwa ili duara la ngoma lipatikane.
2. Paa la bati liwekewe dari. Bila dari, mvua ya masika humeza sauti ya msemaji, na jua la mchana hufukuza watazamaji.
3. Milango isipungue miwili na ifunguke kwa nje. Ukumbi wa maonyesho wa chuo cha sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002, ukalazimika kujengwa upya.
4. Kuwe na njia ya mteremko kwa wazee na watu wenye ulemavu.
5. Ratiba ya matumizi ibandikwe hadharani, pamoja na jina la mwenye ufunguo na ada, kama ipo.

Jambo la tano halihitaji saruji wala nondo, lakini ndilo linaloamua kama ukumbi ni wa wananchi wote au wa wachache. Mahali pa kulijadili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Vikundi vya sanaa vinavyohitaji ushauri kuhusu usajili vinakaribishwa kumwona Afisa Utamaduni wa Halmashauri.

Kikundi cha ngoma kutoka Berega au Mikumi kisilazimike kuomba nafasi kama mgeni katika ukumbi uliojengwa kwa nguvu za wazazi wake.