Sashe yenu imekaa wapi ndani ya butiki?



Kuna siku tulirudisha sashe 38 za unga wa soya kutoka butiki moja ya Bukavu, upande wa Kadutu. Tulikuwa tumeacha pale 60, wiki tano mbele. Unga ulikuwa mzuri siku tuliouleta, lakini zile 38 zilikuwa zinanuka kama mafuta ya zamani, na zingine ziliingia wadudu. Wamama waliokaanga ile soya hawakupata hata franka moja juu yake. Kosa lilikuwa letu. Sisi maagronome tulifundisha kulima, kukausha, kusaga na kufunga, halafu tukaacha karto mlangoni tukarudi nyumbani.

Mwenye butiki alituambia waziwazi: « Muzigo yenu iko muzuri, lakini hakuna mutu anaiona. » Tukainama, tukaona ni kweli. Sashe zilikuwa kwenye etajeri ya chini kabisa, nyuma ya sabuni, karibu na bidoni ya petroli. Na unga unavuta harufu upesi. Hata mtu aliyeuona hangeurudia mara ya pili.

Huko Ubelgiji kuna wakulima wanaouzisha viazi, mayai, hata matunda ndani ya mashini kando ya barabara. Unaweka pesa, mlango mdogo unafunguka, unatwaa. Kwetu, na umeme huu tulio nao, tusiote sana! Lakini mwenye mashini anajua kitu kimoja ambacho sisi tulisahau: kila kashimo kana hesabu yake. Kakikaa tupu, amepoteza mnunuzi. Kitu kikilala mule siku nyingi, anakitoa, anaweka kingine.

Tukafanya ile hesabu kwa butiki yetu. Kwanza tuliomba nafasi kati ya kifua na macho ya mtu aliyesimama, kando ya sukari na maziwa ya unga, kwa sababu mama anayetafuta uji wa mtoto anaangalia pale. Tulipewa sentimetre 45. Sashe yetu ina upana wa 15, basi tatu zinaonekana mbele, na nyuma ya kila moja zinaingia tano zingine: jumla 18. Baadaye kaye ikatuonyesha butiki inauza karibu mbili kwa siku. Tunapita kila siku saba, ni 14, na nne za akiba. Hizo 18 zinatosha. Zile 60 za kwanza zilikuwa kiburi tu.

Kila tukipita, za zamani zinakuja mbele, mpya zinaenda nyuma. Ndiyo maana tarehe ya kufunga iandikwe kwa kalamu isiyofutika. Soya ina mafuta mengi, haivumilii joto wala jua la dirishani. Kahawa ya kusagwa nayo inapoteza harufu mbele ya kahawa ya punje, basi msisage nyingi kwa mara moja. Asali haina haraka hiyo. Ikiganda, mweleze mwenye butiki si sukari iliyowekwa, ili naye aweze kumjibu mnunuzi.

Bei tuliiweka kwenye noti kamili. Sashe ya 1 300 inamsumbua muuzaji kutafuta pesa ya kurudisha, mwisho anampa mnunuzi kitu kingine. Tulipunguza uzito kidogo, tukaandika uzito wa kweli juu ya sashe, tukauza 1 000.

Kunabaki jambo gumu kuliko yote, mali kauli. Tunaacha muzigo, tunalipwa ukiisha kuuzwa. Lakini ukiharibika, nani anabeba hasara? Ile siku ya sashe 38 hakukuwa na karatasi yoyote, tukabeba yote. Sasa tunaandika mbele ya kushusha karto: sashe iliyoharibika na panya au mvua ya butiki, mwenye butiki analipa, iliyopitisha muda wake, koperative inairudisha. Tunaandika pia faida yake kwa kila sashe. Mulinganishe na ile anayopata kwa unga wa kutoka nje. Akipata kidogo kwenu, mtajikuta tena karibu na petroli.

Tukija kwenye mkutano wenu, mlete kaye ya butiki moja tu, hata kama ina kurasa mbili. Tutapiga hesabu pamoja.